Lini uandike "two", lini uandike "2"

Karatasi ililetwa karakanani imekunjwa mara nne. Mteja wa Nairobi alikuwa ametuma agizo lake kwa simu, na kijana wa fundi akalinakili kama lilivyo: "We need 2 7 foot doors and 4 4 foot windows." Fundi ni mzee aliyeanza kuchonga milango hapa Amu, yaani Lamu, kabla mimi sijazaliwa. Aliisoma ile karatasi, akaiweka juu ya ubao wa mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, aliokuwa akiupiga nakshi, akaniita.

"Mwanangu, hebu nitazamie hapa. Mlango wa futi ishirini na saba haupo duniani. Kosa nimeliona, lakini sijui liko wapi. Ni milango mingapi huyu ataka?"

Mteja hakukosea hesabu. Alijua vizuri anachotaka: milango miwili ya futi saba, madirisha manne ya futi nne. Kilichomshinda ni kuziandika nambari mbili zinazofuatana bila kuzigonganisha. Kiingereza kina dawa ya hilo, nayo ni nyepesi: nambari moja iandike kwa neno, ya pili kwa tarakimu, kisha ufunge kipimo kwa kistari. "Two 7-foot doors and four 4-foot windows." Sasa hakuna awezaye kusoma ishirini na saba wala arobaini na nne.

Nimeanza na hilo kwa sababu watu wengi wanaoniletea maandishi yao ya Kiingereza niwasahihishie, awe kijana anayeomba kazi au mwenye nyumba ya wageni anayetaka tangazo, huliona suala la nambari kuwa pambo tu. Si pambo. Mbao zingeweza kukatwa kwa karatasi ile.

Shuleni wengi wetu tulipewa kanuni moja: moja hadi kumi andika kwa maneno, ukivuka kumi tumia tarakimu. Si kanuni mbaya, nami bado humpa mtu asiye na muda. Lakini anayeibeba kama sheria ya nchi hutatizika siku anapofungua riwaya akakuta "thirty-five", kisha akafungua gazeti akakuta "35", kila mmoja akiwa na hakika kuwa amepatia. Basi nani mkosa?

Hakuna mkosa. Kiswahili kina BAKITA, iliyoundwa Tanzania mwaka 1967, na tumezoea kufikiri kwamba kila lugha ina baraza linaloamua lipi sanifu na lipi si sanifu. Kiingereza hakina. Hakuna chombo chochote, London wala Washington, chenye mamlaka ya kusema nambari ziandikwe hivi. Kilichopo ni miongozo ya wachapishaji, na kila nyumba ya uchapishaji ina wake. Mwongozo wa Chicago (The Chicago Manual of Style), ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1906 na ambao wachapishaji wengi wa vitabu Marekani huufuata, unataka sifuri hadi mia moja kwa maneno, pamoja na nambari za mviringo kama "two hundred" au "five thousand". Mwongozo wa shirika la habari la Associated Press unataka maneno kwa moja hadi tisa tu. Kuanzia 10 ni tarakimu. Mwongozo wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, unaotumika sana katika saikolojia na elimu ya jamii, nao huanza tarakimu kwenye 10. Wasomi wa fasihi na lugha wanaofuata mwongozo wa MLA, chama cha Marekani cha wasomi wa lugha na fasihi, wana kipimo kingine kabisa: nambari inayoweza kutamkwa kwa neno moja au mawili iandikwe kwa maneno, iliyobaki kwa tarakimu.

Tuseme umesimama kwenye uwanja wetu wa Mkunguni, mbele ya ngome, ukihesabu punda. Ukiona saba, nyumba zote nne zitaandika "seven donkeys". Ukiona kumi na wawili, Chicago na MLA wataandika "twelve donkeys", Associated Press na APA wataandika "12 donkeys". Ukiambiwa kisiwa kizima kina kama elfu mbili, watagawanyika vivyo hivyo: "two thousand" kwa wawili, "2,000" kwa wawili. Na ukikaa siku nzima ukahesabu 137 kamili, wote wanne watarudi pamoja na kuandika "137". Mvutano wao uko katikati tu. Kwenye nambari ndogo sana na kwenye nambari ndefu isiyo ya mviringo hawagombani.

Kwa nini basi wagombane katikati? Hapa ndipo penye kiini, na mtu akipashika, nusu ya kanuni atazikisia mwenyewe bila kufungua kitabu. Neno husomwa, tarakimu hutazamwa. Jicho likipita juu ya ukurasa wa maneno, tarakimu hujitokeza kama jiwe kwenye mchele. Ukiwa unatafuta bei au idadi, ndivyo utakavyo, tarakimu ikurukie usoni. Lakini ukiwa ndani ya hadithi, jiwe hilo hukukata meno. Gazeti husomwa na mtu mwenye haraka na safu zake ni nyembamba, kwa hiyo limeegemea tarakimu. Kitabu husomwa na mtu aliyeketi, kwa hiyo kimeegemea maneno.

Chukua barua mbili zinazotoka nyumba moja siku moja. Ya kwanza ni ya rambirambi kwa mama aliyefiwa na mume: "We are thinking of you and your three children." Ya pili ni ankara ya mgeni aliyelala: "3 nights." Tatu ni ileile. Ukiandika "your 3 children" katika barua ya kwanza, hujavunja sarufi yoyote, lakini umewageuza wale watoto kuwa mstari katika fomu ya sensa. Ukiandika "three nights" kwenye ankara, mgeni atalazimika kusoma mahali alipotaka kutazama. Nimeona barua ya rambirambi iliyoandikwa hivyo kwa tarakimu, na aliyeiandika alikuwa mtu mwenye huruma ya kweli. Huruma yake haikufika kwenye karatasi.

Neno lina uzito ambao tarakimu haina, na sisi tunalijua hilo katika lugha yetu. Kabla ya sita, saba na tisa za Kiarabu kushika nafasi, wazee walisema tandatu, mfungate na kenda. Tarakimu 7 haisemi lolote juu ya hayo, lakini neno fungate, zile siku saba za maarusi, bado limeibeba saba ya kale tumboni. Tena kwetu sisi tarakimu hufanya jambo jingine ambalo Waingereza hawalijui: huficha upatanisho. Ukiandika "watoto 3, vitabu 3, nyumba 3", msomaji ndiye anayejaza watatu, vitatu, tatu. "Three" ya Kiingereza haibadiliki kwa mtu wala kwa kitu. Kwa hiyo tunapohama kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza tunahamia mahali ambapo kuandika nambari kwa neno ni rahisi zaidi kuliko kwetu, na bado tunaogopa.

Kuna mahali ambapo mjadala wa neno au tarakimu haupo, au haupo sana. Vipimo vyenye alama ya kifupi huwa tarakimu siku zote: "5 km", "20 kg", usiandike "five km" hata kidogo. Asilimia ni tarakimu katika mingi ya miongozo hii, tofauti ikiwa ni alama au neno linalofuata. Bei kamili, kurasa, nambari za vyumba, nambari za simu, desimali: tarakimu. Desimali iliyo chini ya moja huanza na sifuri, "0.5", kwa sababu ile nukta peke yake hupotea kwenye karatasi iliyotoka katika mashine chakavu. Umri ndio wenye ubishi. Associated Press wanataka tarakimu hata kwa mtoto mchanga, "a 5-year-old boy", Chicago wanataka "a five-year-old boy". Mimi katika barua za kawaida hufuata Chicago. Katika fomu za shule na hospitali, tarakimu.

Mwanzo wa sentensi ni jambo ambalo miongozo yote inakubaliana nalo kwa karibu sana: usianze kwa tarakimu. Watu huambiwa hivyo bila kuambiwa sababu, ndiyo maana husahau. Sababu ziko mbili. Sentensi ya Kiingereza hujitambulisha kwa herufi kubwa, na tarakimu haina herufi kubwa. Ya pili ni nukta. Soma tangazo hili nililolikuta limebandikwa karibu na gati, nikiliandika upya hapa bila jina la mwenyewe: "The fare is 150. 12 people can sit in the boat." Mtu mwenye haraka anaona "150.12", akadhani ni shilingi mia na hamsini na senti kumi na mbili. Andika "Twelve people can sit in the boat" na ule mgongano unaondoka. Nambari ikiwa ndefu, kama 1,346, usijitese kuiandika yote kwa maneno. Igeuze sentensi tu ili ianze na neno jingine. Associated Press huruhusu mwaka uanze sentensi kwa tarakimu. Hata hapo mimi naona "In 1498 Vasco da Gama reached Malindi" inasomeka vizuri kuliko kuuweka mwaka mlangoni.

Shida nyingine ni pale nambari ndogo na kubwa zinapokutana katika aya moja. Tuseme unaandika ripoti ya kikundi cha akina mama wanaosuka mikeka, na mwezi huu wameuza mikeka 8, mwezi uliopita 115. Kwa kanuni ya Chicago, ya kwanza ingekuwa "eight" na ya pili "115". Lakini zote ni mikeka, na msomaji anataka kuzilinganisha. Chicago wenyewe wanasema vitu vya jamii moja katika sehemu moja vivae nguo moja: "8 mats" na "115 mats". Kama katika aya hiyohiyo umewataja wanawake watano waliosuka, hao ni jamii nyingine, wabaki "five women". Associated Press hawafuati utaratibu huo. Wao hushika tisa na kumi yao hata ndani ya sentensi moja, waandike "eight mats" hapa na "115 mats" pale. Nikiulizwa, nitasema Chicago wameona mbali zaidi hapa, kwa sababu ulinganisho ni kazi ya kutazama, na mtu hatazami neno kwa upande mmoja na tarakimu kwa upande wa pili.

Sasa tahajia, maana anayeamua kuandika kwa neno lazima aliandike sawasawa. "Four" na "fourteen" zina u, "forty" haina. Hili ndilo kosa ninalolisahihisha kuliko yote, na halina mantiki ya kushika, lishike hivyohivyo. "Nine" na "ninety" zina e, "ninth" imeipoteza. "Twelve" hugeuka "twelfth". Kistari huingia kati ya makumi na mamoja, "twenty-one" hadi "ninety-nine", na si mahali pengine: "one hundred and five" haina kistari. Hiyo "and" ni ya Uingereza, na Kenya tumeirithi. Wamarekani wengi husema "one hundred five". Ukimwandikia Mmarekani ukaitia hatakosa kuelewa.

Halafu kuna ile "s" inayotusumbua sisi wa Kiswahili hasa. Tunasema mwendo wa dakika kumi, na hakuna chochote katika "dakika" kinachotuonya. Kwa hiyo tunaandika "a ten minutes walk" na "a two hours trip". Kipimo kinapogeuka kuwa sifa ya kitu kinachofuata, kinaacha wingi na kuvaa kistari: "a ten-minute walk", "a two-hour trip". Vilevile "hundred" na "thousand" hazichukui "s" zikitanguliwa na idadi: "five thousand shillings". Zinaichukua zikisimama bila idadi: "thousands of visitors", kama wale wanaofurika mjini wakati wa Maulidi.

Saa ndiyo iliyonifanya nianze kuandika mambo haya. Nahodha mmoja jirani yetu huwapeleka wageni Takwa, magofu yaliyoko kisiwa cha Manda, mji uliohamwa katika karne ya 17. Takwa haifikiki saa yoyote utakayo. Chombo hupita katika mkono wa maji ndani ya mikoko, na maji yakishatoka, pale pote hubaki tope. Siku hiyo maji yalikuwa yajae karibu saa tatu asubuhi, kwa hiyo safari ilikuwa saa mbili. Nahodha akaandika kwenye ubao kwa chaki: "TAKWA TRIP. WE LEAVE AT TWO." Wageni wanne walikuja saa nane mchana, wamevaa kofia, wamebeba maji ya kunywa. Nahodha alikuwa amewangoja gatini tangu asubuhi mpaka maji yakaanza kutoka. Pesa ya siku ile aliikosa, na wale wageni walikuwa wanaondoka kesho yake.

"Mwanangu," aliniambia jioni, "mimi niliandika two. Mbili si two?"

Mbili ni two, lakini saa mbili si "two o'clock". Saa yetu huanza kuhesabu jua linapotoka, yao huanza usiku wa manane na adhuhuri, na kati yao kuna tofauti ya masaa sita. Hilo kila mtu wa Pwani analijua akiulizwa. Analisahau anaposhika chaki. Sehemu ya nambari ni hii: saa ya kusafiri, ya kufungua ofisi, ya dawa, iandikwe kwa tarakimu pamoja na dakika na alama ya asubuhi au jioni. "8:00 a.m." Zile sifuri mbili si mapambo, zinamwambia msomaji kwamba hii ni saa na si idadi ya watu wala bei. "Eight o'clock" ni ya masimulizi, na "o'clock" haikai vizuri na tarakimu. Ubao wa nahodha sasa unasema "8:00 a.m., with the rising tide", na maneno yale ya mwisho yamesaidia kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mgeni anaelewa kwamba bahari haitamngoja.

Tarehe ina mtego wa aina hiyohiyo. Kwetu 5/3 ni tarehe tano Machi, kama Uingereza. Mmarekani ataisoma tarehe tatu Mei. Katika barua yoyote inayovuka mipaka, mwezi uandikwe kwa herufi: "5 March" au "March 5". Hapa neno limeshinda tarakimu kwa sababu ya usalama, si uzuri.

Na usalama unatufikisha kwenye pesa. Hundi ya benki hutaka kiasi mara mbili, kwa tarakimu na kwa maneno, na watu huona ni kurudia bure. Sikiliza "fifteen" na "fifty" kwenye simu yenye upepo wa kusi nyuma yake, utaelewa. Tarakimu nayo ni rahisi kuiongezea sifuri kwa kalamu ya mtu mwingine. Neno si rahisi, hasa likifungwa kwa "only" mwishoni. Vikitofautiana, sheria ya Uingereza ya hati za malipo ya mwaka 1882 inasema kiasi kilichoandikwa kwa maneno ndicho kinacholipwa, na sheria ya Kenya imefuata mkondo huohuo. Katika mikataba utaona mwenendo wa "fifty thousand (50,000)". Katika barua ya kawaida usiuige. Unamfanya msomaji ajisikie yuko mbele ya hakimu.

Lakini ukitafsiri pesa kutoka Kiswahili, kuna shimo ambalo hakuna mwongozo wa Kiingereza utakaokuonya, kwa sababu shimo liko upande wetu. "Elfu ishirini na tano" ni kiasi gani? Wengi watasema 25,000, na mara nyingi ndivyo. Ila maneno yaleyale yanaweza kuwa elfu ishirini, na tano: 20,005. Wapo wanaoepuka utata kwa kusema "ishirini na tano elfu" kwa ya kwanza, na "ishirini elfu na tano" kwa ya pili, lakini si kila mtu, na si kila siku. Kiingereza hakiruhusu utata huo: "twenty-five thousand" ni kitu kimoja, "twenty thousand and five" ni kingine, na lazima uchague.

Juzi mama mmoja mweka hazina wa kikundi alikuja na daftari lake nimwandikie barua ya Kiingereza kwa mfadhili. Akanisomea: "Tulipokea elfu thelathini na nane, tukatumia elfu ishirini na tano." Nikamsimamisha, nikamsogezea kalamu. "Mama, niandikie kwa tarakimu, kwa mkono wako." Akaandika 38,000, akaandika 25,000, akaweka mikato mahali pake bila kuambiwa. Ndipo nikaanza barua.